Zinki ya Boti ya Tata

Wiki mbili baada ya kumzika baba yangu nilikwenda Karatina kufungua kibanda chake nyuma ya soko. Ndugu zangu walikuwa wameamua kwamba mimi, kwa kuwa naishi Nyeri mjini, ndiye wa kukisafisha kabla mwenye kiwanja hajampa mtu mwingine. Nilipovuta mlango wa bati, harufu ilinipokea kabla macho hayajazoea giza: asidi ya betri, waya ulioungua, grisi, na ule unga wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri iliyosahaulika. Ni harufu chachu inayokaa kooni. Niliketi juu ya tairi kuukuu nikashindwa kuanza kazi. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimerudi kuwa na miaka tisa, nimechuchumaa nyuma ya boti ya shangazi yangu.

Baba alikuwa fundi wa waya wa magari. Stata, dainamo, honi, taa, chochote kilichokuwa na umeme ndani yake kililetwa kwake, na mara nyingi kiliondoka kikifanya kazi. Nyinyi mliokua miaka yangu mtakumbuka zile betri za gari zilizowasha televisheni nyumbani, jinsi zilivyobebwa kwa baiskeli kwenda kuchajiwa, na jinsi picha ilivyoanza kusinyaa kutoka pembeni habari ikiwa katikati. Kwetu betri hizo zilipangwa sakafuni kibandani mstari mzima, na Baba alizijua kwa majina ya wenyewe. Niliamini hakuna kitu duniani ambacho angekipima na ile mita yake ya njano kisha akose kujua ugonjwa wake.

Alikuwa na dada mmoja tu, Wangeci. Sisi tulimwita Tata, maana ndivyo shangazi anavyoitwa kwetu. Tata aliishi na nyanya yangu, Cucu, juu ya Kangari kwenye chai, ng'ambo ya bwawa. Bwawa lile lilijengwa kabla sijazaliwa. Maji yalipojaa yaliingia katikati ya kijiji kama mkono mrefu, shule na barabara na banda la kuuzia chai vikabaki upande mmoja, nyumba nyingi zikabaki upande mwingine. Kuzunguka kwa miguu kulikula asubuhi nzima. Kwa boti ulivuka kabla chai ya kwenye kikombe haijapoa.

Boti ilikuwa mali ya kikundi cha wakulima, ya faiba, na enjini moja imefungwa nyuma. Tata ndiye aliyeiendesha. Wakati anapewa kazi hiyo kuna wazee walionung'unika kwamba mwanamke na enjini hawapatani, lakini waliomtangulia mmoja alikuwa mlevi na mwingine aliogopa maji, kwa hivyo wakamwachia huku wakingoja akosee. Alivaa gambuti na sweta ya kijivu ya kiume. Akishika mkono wa enjini, hata mwenyekiti wa kikundi aliketi kama wengine na gunia lake la majani mapajani. Nilipoulizwa shuleni ninataka kuwa nani nikikua, nilisema Tata.

Likizo ya Aprili Baba alikwenda kuweka pampu ya kutoa maji ya mvua yaliyokuwa yakikusanyika ndani ya boti, nami nikaenda naye. Alipomaliza pampu alifunga pia kitu kingine, kipande cha madini cha rangi ya kijivu, kikubwa kama nusu mche wa sabuni, kwenye mguu wa enjini, ile sehemu inayozama majini na kubeba propela. Alikiita zinki.

"Hii ndiyo inaliwa badala ya enjini," alimwambia Tata. "Kila chuma ikikaa kwa maji inaliwa polepole. Sasa tunaweka hii, ni laini, iliwe kwanza."

"Inamaliza muda gani?"

"Mwaka, ama hata zaidi. Lakini skiza, Wangeci. Ukiona inaisha haraka, unipigie simu siku hiyo hiyo. Ujue kuna kitu mbaya huko ndani."

Mimi nilisimama hapo katikati yao. Nilisikia kila neno, na nikaelewa kila neno vibaya. Kwa Baba, kitu kibaya kilikuwa umeme unaovuja. Kwangu kilikuwa kitu chenye mdomo. Nilikuwa nimeshasikia wanawake wakisema bwawa lile lina kina kisichopimika, na kwamba chini yake bado kuna nyumba na makaburi. Sasa baba yangu, mtu asiyetania, alikuwa amesema kuna kitu huko ndani kinachokula, na kwamba tunakipa chakula ili kisimalize enjini ya Tata. Likizo nzima sikutia mguu majini.

Niliporudi Agosti, Tata alikuwa ameivuta boti ufukweni ili asugue kinyesi cha ndege. Enjini ilikuwa imeinuliwa, mguu wake uko juu. Nilikwenda kutazama zinki. Ilikuwa imetafunwa. Ilikuwa na mashimo na kingo zilizochongoka, kama andazi ambalo panya wamelifikia kabatini, na zaidi ya nusu yake haikuwepo. Baba alikuwa amesema mwaka. Nilihesabu kwa vidole: Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti.

Ningemwita Tata. Alikuwa hatua kumi kutoka hapo, amenipa mgongo, anasugua. Lakini asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimemsikia mwenyekiti akimwambia kwamba boti haitunzwi, kwamba imechafuka, kwamba kuna vijana wanaoitaka kazi hiyo. Niliogopa kwamba nikionyesha zinki, hilo nalo litakuwa kosa lake. Na nilijua dawa. Cucu alikuwa na mbuzi waliotafuna nguzo za banda, naye alizipaka oili chafu ya gari mpaka wakaacha. Mdomo hauli kitu kichungu. Chini ya kitanda cha Cucu kulikuwa na mkebe wa rangi ya kijani iliyobaki walipopaka mabati. Mchana Tata alipokwenda kula, niliipaka zinki yote. Nilijaza mashimo kwa rangi, nikangoja ikauke, nikapaka tena. Niliifanya kazi ile vizuri kuliko kazi yoyote ya shule. Ilipong'aa nilihisi nimemlinda mtu ninayempenda.

Jioni Tata aliiona. Aliinama, akaigusa kwa kidole, akatabasamu.

"Kumbe baba yako aliniwekea ingine mpya, hii ndogo ya kijani, juzi nikiwa soko. Na hakusema."

Baba alikuwa amenileta siku mbili kabla, akashinda kutwa, akarudi. Ilikuwa rahisi Tata kufikiri hivyo. Na mimi, nikiona ile furaha yake ya kufikiriwa na kaka yake, sikusema kitu. Nadhani hicho ndicho kipande cha siku ile ninachokumbuka zaidi. Hakikuwa uongo bado. Kilikuwa kimya kidogo tu.

Septemba betri ikaanza kufa. Tata alikuwa akifika asubuhi, anazungusha ufunguo, na stata inatoa mlio mmoja mkavu, kisha basi. Alimpigia Baba simu. Baba alikuwa akipanda Kangari Jumapili baada ya kanisa, nami pamoja naye, kwa sababu Mama alisema angalau nikienda atakumbuka kurudi mapema. Alimwagia vichwa vya betri maji moto yenye magadi, ule unga wa kijani ukachemka na kutoka povu, akavisugua vikang'aa. Enjini ikawaka mara moja. Watu wakashangilia, tukanywa chai, tukarudi. Jumatano Tata akapiga simu tena.

Alibadilisha betri. Alibadilisha waya mnene wa stata. Kila Jumapili alikuja na kitu kipya kwenye mfuko, na kila Jumapili boti ilivutwa ufukweni, ikamwagwa maji, ikapanguswa, kwa maana hakuna fundi anayependa kufanya kazi akiwa amechutama kwenye dimbwi. Mguu wa enjini ulibaki umezama nyuma na hakuna aliyeuinua, maana betri ndiyo iliyokuwa ikifa. Alikuwa na balbu ndogo yenye nyaya mbili. Aliifunga kati ya betri na waya wake, halafu akazima kila kitu. Kama balbu ingewaka hata kidogo, maana yake kuna kitu kinakunywa umeme kisiri. Nilimshikia balbu ile nikiifunika kwa viganja ili tuone vizuri. Haikuwaka. Alichomoa fyuzi moja moja, akazirudisha moja moja. Haikuwaka. Alipima kwa mita, akageuza mita, akaipiga kwa kiganja, akapima tena. Nilimwona baba yangu amepiga magoti, mikono miwili imelegea, akiangalia enjini kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo, na nilitamani kuangalia pengine.

"Hakuna kitu inavuja," alisema mwishowe. "Wangeci, unazima taa ukitoka?"

"Nazima."

"Una uhakika? Kila siku?"

"Mimi si mtoto. Nimesema nazima."

"Basi betri inaisha aje? Umeme haitembei yenyewe."

Mwenyekiti alikuwa amesimama karibu. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokuwa akingoja. Tata alimwangalia Baba, kisha akaokota ndoo yake akaondoka bila kutuaga, na chai hatukunywa siku hiyo.

Ukweli, ambao niliujua miaka mingi baadaye, ni huu. Kiungo cha waya wa pampu, ambacho Baba mwenyewe alikifunga kwa tepu mwezi wa Aprili, kilikuwa chini kabisa nyuma ya boti, karibu na bolti zilizoshika enjini. Boti ikiwa kavu, hakikugusa kitu. Mvua ikinyesha usiku na maji yakisimama ndani kabla Tata hajawasha pampu, kiungo kililowa, umeme ukavuja kwenye bolti, ukashuka kwenye mguu wa enjini, ukapita majini ukitafuta njia ya kurudi kwa betri. Kila ulipopita uliondoka na chuma kidogo. Ugonjwa ulikuwepo boti ikiwa na maji ndani tu. Tulipoivuta ufukweni ili kuutafuta, tulikuwa tumeuponya kwa siku moja. Na zinki, ambayo ingepiga kelele kwa kuisha haraka, ilikuwa imefunikwa rangi. Haikuliwa tena. Kilicholiwa ni mguu wenyewe.

Tata alikuwa na binti, Njeri, aliyekuwa darasa la nane. Kila mtu alijua Njeri atapita. Walimu walikuwa wameshataja shule kubwa ya wasichana ambayo angeitwa, na Cucu alikuwa ameweka sanduku la bati pembeni, limepakwa jina lake kwa herufi nyeupe. Wiki ya mtihani sisi wa madarasa ya chini tulipewa likizo, ndipo nikapelekwa kwa Cucu. Asubuhi ya karatasi ya kwanza niliamka pamoja na Njeri. Alikuwa na penseli mbili, kifutio na rula ndani ya mfuko wa plastiki unaoonekana ndani, na alikuwa amevua soksi zake mpya ili azivae akishavuka zisilowe.

Watahiniwa walikuwa sita. Betri ilikuwa imekufa tena, lakini Tata alikuwa amejiandaa: alikuwa ameazima betri ya televisheni ya jirani tangu jana yake. Enjini iliwaka mara ya kwanza. Aliniruhusu nipande, nikaketi mbele, miguuni pa Njeri. Ukungu ulikuwa bado juu ya chai. Tulikuwa na muda wa kutosha na ziada.

Katikati ya maji nilisikia mlio kama wa mashine ya posho imemeza jiwe. Boti ilishtuka. Enjini ikaendelea kunguruma, hata kwa nguvu zaidi, lakini maji nyuma yetu yalitulia. Tata alizima, akawasha, akaingiza gia. Ikanguruma tu. Akazima.

"Pengine ni majani imeshika propela," alisema, akaiinua enjini kutoka majini.

Mguu ulipotoka ulikuwa unadondosha maji ya rangi ya chai ya maziwa. Hayo yalikuwa mafuta ya gia yaliyochanganyika na maji, ila sikujua. Nilichokiona ni kwamba mguu wote ulikuwa umeoza. Rangi yake nyeusi ilikuwa imebanduka, na chini yake chuma kilikuwa na vidonda, vingine vyenye unga mweupe, kimoja kimetoboka kabisa. Na katikati ya uozo ule ilikaa zinki yangu, ya kijani, laini, nzima, kama nilivyoiacha. Nilielewa papo hapo, kwa njia yangu. Nilikuwa nimekinyima kile kitu cha majini chakula chake, nacho kikaenda kula pengine.

Tata hakuwa akiiangalia zinki. Alikuwa anaangalia ng'ambo.

Kulikuwa na kasia moja. Alipiga kasia upande huu boti ikageuka huku, akahamia upande ule ikageuka kule. Upepo ulikuwa unatoka upande wa shule, si mkali, lakini haukuchoka. Wale watoto sita walilala kingoni wakapiga maji kwa mikono. Mimi pia nilipiga, kwa sufuria ya kutolea maji, nikiyaogopa maji na bado nikiyapiga, nikilia bila sauti. Tuliwaona watu wakikusanyika upande wa shule. Mwalimu mmoja alivua viatu akaingia mpaka kiunoni, akasimama hapo na mikono imenyooshwa, kisha akabaki tu hivyo, maana hakujua kuogelea na hakukuwa na boti nyingine. Tuliisikia kengele. Sauti husafiri vizuri juu ya maji. Tulisikia hata jina la kwanza likiitwa.

"Mama," Njeri alisema, "wameanza kuita."

"Nimesikia."

"Herufi yangu iko karibu."

"Piga maji, Njeri. Piga tu."

Mikono yake ilikuwa myekundu kwa baridi. Nakumbuka nikifikiri kwamba hataweza kushika penseli.

Tulifika mbali na kituo cha boti, kwenye matope, na wakakimbia kupanda kilima pekupeku. Msimamizi aliwaruhusu waingie. Muda hakuwaongezea, na sidhani alikuwa na uwezo huo. Waliketi na nguo zilizolowa wakafanya nusu iliyobaki ya hesabu, karatasi ambayo Njeri aliitegemea zaidi. Tata alibaki ameketi ndani ya boti. Mtu alimpelekea blanketi, akalishika mkononi bila kujifunika.

Baba alikuja Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha siku nzima ya Ijumaa, na kwa kuwa boti ilikuwa haina kazi tena hakuna aliyejali kuivuta. Ilielea pale matopeni na maji yake ndani. Aliingia vivyo hivyo, maji yakamfika kwenye vifundo, akafunga ile balbu. Ikawaka, nyekundu hafifu, lakini ikawaka. Kisha akapapasa ndani ya maji, akafuata waya wa pampu kwa vidole, akatoa kile kiungo. Tepu ilikuwa imefunguka na waya ndani umekuwa kijani, unavunjika kama jani kavu. Alitoa kisu, akakata, akatia kiungo kwenye mfuko wa shati. Aliinua kichwa akaniona ufukweni. Akakunja kisu. Nami nilidhani ni kazi ya kawaida.

Mkutano ulifanyika kwenye banda la chai. Mwenyekiti alimwomba fundi aeleze. Baba alisimama, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatafuta maneno.

"Mguu imeliwa," alisema. "Imeliwa kwa sababu zinki ilipakwa rangi. Ukiipaka rangi haifanyi kazi. Ni kama haiko."

"Nani aliipaka?" mwenyekiti aliuliza.

"Mimi sikuipaka."

Tata alisimama. "Wewe ndiye uliweka hiyo zinki Agosti. Ilikuwa mpya."

"Agosti mimi sikuweka zinki, Wangeci. Niliweka moja tu, Aprili."

"Ilikuwa mpya. Niliigusa na kidole yangu."

"Ilikuwa imepakwa ionekane mpya," Baba alisema. Nadhani hakukusudia lisikike lilivyosikika. Lakini banda zima lilimgeukia Tata, na mtu nyuma akacheka kidogo.

Nilikuwa mlangoni. Nilijiambia mwenyekiti akiuliza tena nitasema. Hakuna aliyeuliza tena. Tata aliangalia kaka yake, si kwa hasira. Alimwangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi. Kisha akavua ufunguo wa boti shingoni, akauweka juu ya mizani ya chai, akatoka akipita kando yangu.

Jumatatu, kibandani, nilimwambia Baba. Nilimweleza yote: mbuzi wa Cucu, mkebe wa rangi, kitu chenye mdomo. Alikuwa akivua maganda ya waya, akaendelea mpaka alipomaliza ule aliokuwa nao.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie mtu. Hiyo maneno imeisha."

"Lakini Tata..."

"Nimesema imeisha."

Alitoka akarudi na soda ambayo sikuomba. Niliinywa yote. Niliichukua kuwa ni msamaha, kwamba Baba amenihurumia na kunificha, na nilimpenda zaidi kwa ajili hiyo. Ilikuwa kidato cha pili, mwalimu wa fizikia alipotuonyesha jinsi mkondo wa umeme unavyobeba madini kutoka kipande kimoja hadi kingine ndani ya maji, ndipo nilipokumbuka kile kiungo kikiingia mfukoni. Nilikaa pale na kalamu mkononi. Rangi yangu iliuficha ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kazi ya mkono wa Baba. Alijua hivyo siku ya mkutano, na Jumatatu ile nilipomwambia, kama angesema juu yangu ingebidi aseme na juu yake. Nilirudi nyumbani likizo nikiwa nimejipanga kumuuliza. Nilimkuta amepungua, anasoma namba za mita akiwa ameishikilia mbali na macho, na sikuuliza. Miaka ikaenda. Kila mwaka kumuuliza kulikuwa kugumu kuliko mwaka uliotangulia.

Njeri hakuitwa na ile shule. Alisoma shule ya kutwa ya hapo hapo kwao, akaolewa, sasa ana duka la vitunguu na nyanya Kagio, na akicheka huwezi kujua. Watu walizunguka kwa miguu mpaka barabara mpya ilipochongwa. Baba na Tata hawakugombana. Hawakuongea tu. Cucu alipokufa walisimama pande mbili za kaburi, kila mmoja akatupa udongo wake.

Baba mwenyewe alipozikwa Tata alikuja, akasimama nyuma, akaondoka kabla ya chakula. Kwa hivyo Jumapili iliyofuata ile siku ya kibandani nilipanda Kangari. Nilimkuta shambani anachuma majani, mzee sasa, kikapu mgongoni, vidole bado vyepesi. Nilisimama kwenye mstari wa pili nikamwambia. Zinki, rangi, kiungo, soda. Alichuma nikiongea. Nilipomaliza alichuma bado kidogo.

"Uliipaka ndiyo nisifokewe," alisema.

"Ndiyo, Tata."

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Tisa."

Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo limemaliza sehemu yangu. Nilianza kupumua. Kisha akauliza, "Na kwa nini hukuniambia akiwa hai?"

Nilitazama kikapu chake.

"Mimi kazi nilishasahau. Njeri ako sawa. Lakini nilidhani ndugu yangu aliamka tu siku moja akaamua kunimaliza mbele ya watu, na sikujua nilimkosea nini. Miaka hii yote nilikuwa nauliza Mungu nilimkosea nini. Kumbe alikuwa anaogopa. Mtu akiogopa unaweza kumwendea." Alitupa majani kikapuni. "Hospitali, aliuliza juu yangu?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na mazoezi.

"Mara moja. Siku mbili kabla ya kufa. Aliuliza kama umefika."

"Na mkamwambia nini?"

"Nilimwambia uko njiani."

"Nilikuwa njiani?"

"Hapana, Tata. Hatukuwa tumekupigia."

Vidole vyake vilisimama juu ya majani. Mvua nyembamba ilikuwa imeanza, ile isiyomfukuza mtu shambani. Nilingoja aseme kitu, chochote, hata anifukuze. Alirekebisha mkanda wa kikapu kwenye paji la uso, akaingia mstari uliofuata, akaanza kuchuma tena akiwa amenipa mgongo. Nami, kwa kuwa sikujua la kufanya, nilichuma upande wangu, majani mawili na chipukizi, nikayashika mkononi, maana sikuwa na mahali pa kuyaweka.